Miti ihesabiwe Februari, sio siku ya kupanda

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua za wasomaji. Najua barua yangu ni ndefu, ukiona imezidi we kata tu, ila nakuomba usiniguse pale ninapoongelea visiki. Naishi kijijini huku mkoani Tanga, sio kule juu Lushoto kwenye ubaridi na mapeasi, ni huku chini kwenye joto, mahindi yanayokaukia shambani na barabara yenye magunia ya mkaa pembeni. Jina la kijiji na la wilaya nayaacha makusudi maana nitakayosema yanahusu vijiji vingi, na sitaki mtendaji wetu aitwe kesho asubuhi kujieleza kwa ajili yangu.

Ninachosema ni kwamba tuache kuhesabu miti siku ya kupanda. Tuihesabu Februari.

Tarehe 1 Aprili ni siku ya kupanda miti kitaifa, na kila halmashauri nchini ilishapewa lengo la kupanda miti milioni 1.5 kwa mwaka. Sina ugomvi na lengo, hata wangesema milioni tatu sawa tu, ugomvi wangu ni kwamba hiyo namba inajazwa kwenye ripoti siku ile ile mche unapoingia shimoni na baada ya hapo hakuna fomu nyingine inayokuja kuuliza ule mche uliishia wapi. Sasa binadamu anafanya kile anachoulizwa. Afisa akiulizwa imepandwa mingapi atapanda mingi, angekuwa anaulizwa imebaki mingapi angepanda michache halafu kila wiki angekuja na pikipiki yake kuichungulia.

Wanaokaa vijijini wanajua siku hiyo inavyokwenda. Jana yake vijana wamechimba mashimo, asubuhi maturubai yameshafungwa na spika inalia, kuna fulana zenye maandishi, wageni wanachelewa mpaka jua liko utosini na miche ya watu imeanikwa pale juani ikisubiri hotuba. Mgeni rasmi anapanda wa kwake, anaumwagia nusu ndoo, picha, makofi, na sisi wengine tunapanda harakaharaka maana pilau linanukia. Nimeshaona kwa macho yangu mche unafukiwa na kiriba chake jamani, yaani ule mfuko mweusi wa plastiki haujachanwa kabisa! Ukifukia na kiriba mizizi inabaki kuzunguka humohumo ndani haina pa kutokea, mti utauona mzima wiki kadhaa kwa sababu mvua ipo, masika ikikatika na wenyewe umeondoka. Na shimo, mabwana misitu wanatufundisha liwe kama sentimita 60 upana na kina, udongo wa juu ule mweusi uuweke pembeni urudi chini kwenye mizizi, sasa hilo la siku ya sherehe linatosha kufukia kiatu.

Halafu wageni wakishaondoka wanakuja mbuzi. Mbuzi wa huku kwetu hawafungwi wakati mashamba yameshavunwa, ndio utaratibu wa miaka yote, mahindi yakitoka wanaachiwa watembee, kwahiyo mche uliopandwa Aprili ukiwa umefika magotini mwezi wa nane unakuwa ndio kitu pekee cha kijani mbele yao. Iliyopona mbuzi inakutana na mchwa, hasa mikaratusi michanga, mchwa wanaupenda mkaratusi mchanga huku kwenye udongo mkavu sijui una sukari gani. Na ile iliyopandwa shuleni ndio inatia huruma zaidi, kila mtoto kapewa mti wake anakuja na maji kwenye dumu kutoka nyumbani, vizuri sana, lakini shule inafungwa Juni na inafungwa Desemba, na hiyo miezi ndio hasa mti unataka maji, mwalimu yuko kwao, mlinzi mwenyewe anadai mshahara, nani amwagilie? Wazee walishasema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana.

Kwanini nasema Februari sio mwezi mwingine. Huku kwetu masika ni Machi mpaka Mei, vuli ni Oktoba mpaka Desemba pale inapojisikia kunyesha, na Januari na Februari ni kaskazi, jua la kupasua kichwa. Mche uliopandwa masika ukifika Februari umeshavuka kiangazi kile kirefu cha katikati ya mwaka na umevuka na kaskazi, mizizi yake imeshajua pa kwenda, huo sasa unaweza kuuandika kwenye kitabu kuwa ni mti. Na masika inayofuata iko mlangoni, kwahiyo palipokufa panajulikana na unapanda tena hapohapo. Ukihesabu Aprili umehesabu miche, tena ya kwenye kiriba.

Na kuhesabu kufanyike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, sio ofisini. Mkutano mkuu unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu, mmoja wapo uwe huo wa Februari, watu watembee wakaangalie kwa miguu halafu warudi pale chini ya mwembe namba isomwe mbele ya wote, na kama ni aibu iwe ya wote. Namba hiyo hiyo ndio ipande kwenda kata na wilayani. Itakuwa ndogo, najua, itatisha. Lakini mtu asituambie namba ndogo ni vibaya hapa Tanga. Mkonge uliojenga mkoa huu, uliolisha reli na bandari na kujenga majumba yale ya mjini, ulianza 1893 pale Kikogwe, Pangani, mtaalamu Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida na iliyofika hai ni 62 tu. Sitini na mbili! Hakuna anayekumbuka hiyo mingine, mashamba yote yale yametokana na iliyobaki. (Kwamba mashamba hayohayo ya mkonge yalifyeka mapori ya watu ni habari nyingine na ningependa mtu siku moja aiandike vizuri.)

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona halisemwi kwenye hizi hotuba, mti ni wa nani.

Mtu wa pwani na wa huku karibu na pwani anajua kwamba ardhi inaweza kuwa ya mtu mmoja na mti ukawa wa mwingine. Mnazi una mwenyewe, mwembe una mwenyewe, watu wanarithi minazi kwenye shamba ambalo sio lao. Ndio maana ukienda kuazima au kukodi shamba mwenye shamba anakwambia lima mahindi, lima mihogo, kunde, ufuta, lakini usinipandie mti. Anaogopa, na ana haki ya kuogopa, maana mti ukikaa miaka kumi aliyeupanda atakuja kusema hapa ni pangu na baraza la kijiji litahangaika naye. Sasa chukua kijiji kama chetu, vijana wengi wanalima mashamba ya kukodi, kina mama wengi wanalima shamba la mume au la kaka, hao wote hawawezi kupanda mti hata ukiwapa miche bure na mbolea juu. Halafu tunawaita wavivu, tunasema wananchi hawana mwamko. Mwamko wanao, ila hawana pa kupanda. Ndio wanaambulia kupanda kwenye kiwanja cha zahanati, na mti wa zahanati ni wa serikali, na mti wa serikali ukikauka hakuna anayelala njaa.

Kwetu shangazi mmoja, mjane, kikundi chao cha kina mama kilikuwa na kitalu kizuri karibu na kisima, mikwaju, miarobaini, michongoma ya ua, mipapai kidogo ya kuuza. Miche ikawa tayari, na nusu ya wanakikundi hawakuwa na pa kuipeleka. Wakaiuza kwa mtu wa mjini mwenye kiwanja cha nyumba, faida waliipata lakini kijiji kikabaki kama kilivyokuwa. Nikamuuliza kwanini hamkupanda hata kwenye mipaka ya mashamba, akanijibu, "Mwanangu, nipande mimi mti kwenye mpaka wa shemeji yangu, unataka nifukuzwe na hapo nilipo?"

Dawa yake wala sio ngumu. Serikali ya kijiji ina mhuri na ina daftari. Yaandikwe makubaliano ya karatasi moja: shamba ni la fulani na litabaki kuwa la fulani, miti iliyoko mpakani ni ya fulani aliyepanda, akivuna nguzo au matunda mwenye ardhi anapata fungu lake kadhaa, mashahidi wawili, mhuri. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeipa halmashauri ya kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo zake mkutano mkuu ukikubali na wilaya ikapitisha. Mti wenye jina la mtu kwenye daftari utapata maji hata ya kuoshea vyombo. Nimeona hilo kwa miembe ya watu binafsi, hapahapa, mwaka ule ule ambao miti ya sherehe ilikauka.

Na hiyo miche yenyewe tunayoletewa nani anachagua? Lori linakuja limejaa mikaratusi na mijohoro, au mitiki, tunaambiwa pandeni. Mtiki sina neno nao, ni hela, pale Longuza Muheza watu wanajua faida yake, panda kwenye shamba lako ukawasomeshee watoto, lakini shamba la mitiki usiniambie ni msitu, chini ya mitiki mikubwa ardhi iko wazi mvua ikipiga inaondoka na udongo. Mkaratusi nao una mahali pake, ila kuupanda kwenye chemchemi ni kujitafutia kiu, na isitoshe sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za binadamu za kudumu au za kuharibu ndani ya mita 60 kutoka chanzo cha maji. Kule Amani ambako Wajerumani walifungua kituo chao 1902 na kujaribu miti ya kila aina kutoka duniani kote kuna somo kubwa, mti unaoitwa Maesopsis ulipandwa pale ukapenda hali ya hewa, ukatoka ukaingia kwenye msitu wa asili na hadi leo wataalamu wanaulalamikia. Kwahiyo kabla lori halijaja tuulizwe kwanza. Kina mama watakwambia wanataka kuni, kivuli na mboga, wafugaji wanataka malisho ya kiangazi, mzee wa dawa ana orodha yake. Mkwaju, mwarobaini, mkorosho, mfenesi penye maji, hii inavumilia huku kwetu na mtu anaona faida yake. Mbegu ya mwarobaini iwahiwe tu, ukiiweka ghalani wiki nyingi haioti tena.

Haya visiki.

Mlima ulio nyuma ya kijiji chetu kila mtu anauona ni kipara, na kila mradi unaokuja unataka kuupanda miti. Lakini kwea mle mwezi wa tano utembee ukiwa umeinama, utakuta chini kumejaa visiki, na visiki vinachipua. Mininga, mipingo, migunga, mingine mimi najua majina yake ya Kizigua tu. Kila mwaka vinachipua na kila mwaka mbuzi, moto na panga vinavirudisha chini. Hayo machipukizi yana mizizi ya mti mzima chini yake, hayahitaji kumwagiliwa, hayahitaji kiriba, hayahitaji mgeni rasmi. Na mninga kwa mfano ukiuotesha kitaluni unasumbua sana, mbegu zinaota kwa shida na mche unakufa juu na kuchipua tena miaka na miaka kabla haujaamua kurefuka, wakati chipukizi la kisiki linaondoka mara moja. Sasa tunahangaika na lori kutoka mbali wakati mlima una miti yake chini ya ardhi?

Wenzetu Dodoma wanaita kisiki hai na wamefika mbali. Kazi yenyewe unachagua kisiki, unabakiza machipukizi mawili matatu yenye nguvu na yaliyonyooka, mengine unakata, unapogolea ya chini, unafunga kitambaa ili kila anayepita na mwenye mbuzi wajue kina mtu, halafu unalinda. Basi. Panga na kitambaa. Jambo hili lilienea sana kule Niger kuanzia miaka ya 1980, Tony Rinaudo kutoka Australia alikuwa anapanda miti inakufa kila mwaka mpaka akaja kugundua vichaka anavyovikanyaga ni visiki vya miti, na leo hekta zilizorudi kijani kwa njia hiyo Niger zinatajwa kuwa kama milioni 5. Na kabla hatujaenda mbali, Shinyanga, wakati wa HASHI, ule mradi wa hifadhi ya ardhi ulioanza 1986, wasukuma walifufua ngitili zao, yaani wanafunga eneo la malisho kipindi cha mvua wanalifungua kiangazi, na miti ikarudi yenyewe kwenye ardhi iliyokuwa imefyekwa ili kufukuza mbung'o na kulima pamba. Sehemu kubwa haikupandwa, ilifungwa tu.

Ila sio rahisi kama ninavyoandika, nisije nikaonekana nauza dawa. Mashambani kisiki kina adui mkubwa na ni trekta. Mwenye trekta la kukodi anakuja kuangalia shamba kwanza, akiona visiki anapandisha bei au anaondoka, jembe lake likivunjika ni hasara yake. Kwahiyo mkulima anang'oa visiki vyote ili apate trekta. Nimejaribu kuwaambia wenzangu waviache kwa mstari kwenye mipaka na kwenye matuta, wengine wamekubali, wengine wamenicheka. Mlimani shida ni moto, mtu anachoma shamba lake Septemba upepo unaupandisha juu na hakuna aliyewasha, ukiuliza kila mtu alikuwa msibani. Na kuna mbuzi, na hapo wafugaji na wakulima lazima wakae kitako waseme njia ya mifugo ni ipi na upande upi wa mlima unafungwa kwa miaka mingapi, sio kufunga mlima wote kwa siku moja halafu kuanza kukimbizana na watoto wachungaji.

Mkaa siongei sana maana watu wameongea mpaka basi. Tanuri letu la udongo linakula kilo 5 mpaka 10 za kuni kutoa kilo 1 ya mkaa, na mkaa wenyewe hatuupikii sisi, unapanda lori kwenda Dar. Serikali ina mkakati wake wa nishati safi wa 2024 mpaka 2034, inataka asilimia 80 ya watu wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, wakifanikiwa huko mjini mlima wetu utapumua. Ninyi wa Dar mkinunua mtungi wa gesi jueni mmetupandia miti bila kushika jembe.

Kwahiyo Mhariri kama kuna kiongozi anasoma, wa ngazi yoyote, ninaomba msimu huu sherehe ifanyike ndogo tu na hela ya maturubai na pilau ibaki iwalipe vijana wa kulinda mlima kuanzia Juni, maana huo ndio muda wa hatari. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kuusimamia wenyewe, wenzetu wa Duru-Haitemba kule Babati walishachukua misitu yao mikononi tangu miaka ya 1990, kwahiyo kisheria hatuna kikwazo, tunachohitaji ni mtu wa wilayani wa kuja kutupimia mipaka na kutusaidia makaratasi. Tumeshaomba kwa mdomo. Safari hii tunaandika barua na nakala tunabaki nayo.

Na ombi la mwisho kwa wasomaji wenzangu wa Kilindi, Korogwe, Mkinga na Bagamoyo. Kuna mtu aliyefanikiwa kuzuia mchwa kwenye miche michanga bila dawa ya dukani? Hapa kijijini wengine wanatumia majivu, wengine majani ya mwarobaini yaliyotwangwa, kila mtu anasema lake. Na nani ana mbegu za mvule, tuna bonde moja lina unyevu mwaka mzima tunataka tulijaribu. Anayejua aandike hapahapa gazetini, sisi tunalipata nakala moja kila Jumamosi kwa mwenye duka la vifaa vya baiskeli na linasomwa na watu wengi kabla halijafungiwa sukari.

Wenu,
Mkulima, mkoani Tanga